Nilisema hamisha, mfumo ukanakili na kuzika

Huu mfumo wa nyaraka tunaoutumia kazini nimekaa nao muda, na sikuwa na nia ya kuusema. Jina lake naliacha, wanaoutumia watautambua. Kwa kutafuta nyaraka ni hodari: unaandika neno moja unalolikumbuka kutoka ndani ya barua ya zamani, barua hiyo hapo. Lakini lililonipata wiki chache zilizopita limenitoa uvivu wa kuandika.

Ilikuwa folda moja tu. Folda ya mikataba, imekaa chini ya idara iliyovunjwa, ikatakiwa ihamie kwa idara iliyoirithi kazi. Nikabofya kulia, nikachagua "Hamisha", nikaonyesha pa kuipeleka. Kidirisha kikauliza kama nina uhakika. Ninao, ndiyo maana nimebofya. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Folda ikihama ndani ya ghala lilelile hakuna cha kutambaa. Faili zinabaki palepale kwenye diski, kinachobadilika ni anwani. Hata ziwe gigabaiti 50, ni kufumba na kufumbua. Ukiona mstari unatambaa, ujue kuna mzigo unabebwa kweli: kitu kinanakiliwa ng'ambo, kisha cha zamani kinafutwa. Ni yaleyale ya Windows, ukiburuta folda ndani ya diski moja inahama, ukiiburuta kwenda diski nyingine inanakiliwa. Haya yote nayajua. Ila siku hiyo simu iliita, nikaenda kuipokea.

Narudi, nakuta maandishi: "Imehamishwa kikamilifu." Nikafungua, nikahesabu, faili zote 312 zipo. Nikataka kufunga niendelee na mengine, jicho likaangukia safu ya "Aliyeunda". Jina langu. Chini yake jina langu. Nikashusha mpaka mwisho, jina langu tu limejipanga kama nguzo. Mikataba iliyotiwa saini kabla sijaajiriwa, eti nimeiunda mimi, leo, saa 4:17 asubuhi. Nikafungua kumbukumbu ya matoleo ya mkataba mmoja ninaoujua, ule tuliovutana nao mpaka watu wakaacha kusalimiana. Ulikuwa umefika toleo la 14. Sasa ni toleo la 1. Nani alibadili kifungu cha malipo, lini, na nani aliridhia, hakuna tena pa kuangalia.

Nikidhani yameisha, akaja mwenzangu wa meza ya jirani kuniuliza, kwa utani, kumbe fulani analipwa vile? Amejuaje? Folda ile ilikuwa imefungwa, tunaoisoma tulikuwa wanne. Nakala haikuja na kufuli lake. Ilichukua ruhusa za folda mama kule ilikotua, na kule idara nzima ina ruhusa ya kusoma.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Ndugu mteja, mfumo umetekeleza ulichoagiza." Nikawaambia nilichoagiza ni kuhamisha. Wakajibu kwamba kuhamisha kati ya maktaba mbili, yaani maghala mawili ya nyaraka ndani ya mfumo, hufanyika kwa kunakili na kufuta, na kwamba limeelezwa kwenye mwongozo. Je, kuna jingine wanaloweza kunisaidia? Jingine! Kwani hilo la kwanza mmenisaidia? Nilipokuwa bado natafuta maneno ya kistaarabu ya kuwarudishia, tiketi yangu ikafungwa na kugongwa muhuri "Imetatuliwa".

Kinachoniuma hasa ni lile neno. Kama kitufe kingeandikwa "Nakili kisha futa" ningesita, ningeuliza. Lakini mtu akihama nyumba hafiki kule akiwa kichanga kilichozaliwa asubuhi hiyo, hana umri wala ukoo. Masijala ya makaratasi, ambayo sote tuliicheka kwa vumbi lake, ilikuwa na adabu kuliko hii: jalada likihamishwa kabati linakwenda na kurasa zake zote, na pale lilipotoka panabaki kadi ya kukuambia limekwenda wapi. Mimi hapa kila kiungo nilichowahi kumtumia mtu kwa barua pepe kikibofywa kinajibu "Hakipatikani". Nyota moja, tena ya huruma.

Au ngoja. Siku mbili tatu baadaye nilikutana na msimamizi wetu wa mfumo kwenye korido, nikamwaga hasira zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza taratibu: "Pipa la taka la kule ilikotoka umeliangalia?" Sikuwa nimeliangalia. Tukaenda kwenye meza yake, akafungua, na folda ilikuwemo, nzima. Akabofya "Rejesha". Ikarudi na matoleo yake 14, majina ya waliounda, kufuli la watu wanne, na vile viungo vya barua pepe vikafufuka. Nilikaribia kumkumbatia. Kwa hiyo nasahihisha: mfumo wenyewe haukuwa na roho mbaya, kitu ulikuwa umekitunza. Nyota tatu.

Halafu akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba pipa lile hujisafisha lenyewe muda wake ukifika. Nikauliza umebaki muda gani. Akasema tungechelewa kidogo tu, basi. Na wale wa "Ndugu mteja" walikuwa na nafasi mbili za kunitajia pipa, wakachagua kunitajia mwongozo. Narudi kwenye moja.

Nisiwe mwongo, kunakili kwake ni kuzuri. Tukifungua mradi mpya nanakili mifupa ya folda za mradi uliotangulia bila faili zake, na baada ya muda mfupi kila kitu kimekaa mahali pake kwa majina yaleyale. Hapo nakala kuanza upya ndicho ninachokitaka, tarehe mpya, ruhusa za pale ilipo. Kwa kazi hiyo ningewapa nyota tano na salamu juu.

Ila kwa hamisha hiyo, hapana. Kwa sababu siku zile folda ya zamani ilipokuwa kwenye pipa, watu waliendelea kufanya kazi kwenye nakala, na wana haki, hakuna aliyewaambia. Mikataba mitatu ikarekebishwa humo. Sasa nina folda mbili: moja ina historia yote lakini haina marekebisho ya karibuni, nyingine inayo marekebisho lakini inaamini dunia iliumbwa saa 4:17. Jioni mbili nimekaa nazo skrini mbili, kifungu kwa kifungu. Nimemaliza mikataba miwili. Huu wa tatu nimeuacha wazi, kwa sababu marekebisho yake si yangu na sikubaliani nayo, na nikiyaingiza kwenye folda ya zamani, toleo la 15 litaandikwa jina langu.