Ofisi ya seneta wa jimbo, Texas: nyota tatu

Jamani mi nilikua najua seneta ni wale wa Washington tu, kumbe Texas ina maseneta wake 31, na wilaya moja ya seneti ina watu zaidi ya laki tisa, kubwa kuliko hata ya mbunge wa Congress! Basi nikaenda ofisi ya wilaya yetu (jina naliacha) sababu leseni yangu ya udereva ilikwama. Simu walipokea mara ya nne, siku nyingine inaita weee mpaka inakata. Ila yule dada wa mapokezi, mashallah, kanijazisha fomu ya kuwapa ruhusa wanifuatilie, karatasi moja tu, akaandika kwa idara husika hapohapo nikiwa nimekaa na baada ya wiki likaisha. Mambo ya uhamiaji usiwapelekee, hayo ni ya serikali kuu, watakurudisha. Seneta mwenyewe sikumwona, na mshahara wao ni dola 7,200 kwa mwaka, ndo maana wengi wana kazi zingine. Muhula miaka minne, ila ramani ya wilaya za seneti ikichorwa upya wote wanagombea halafu wanapiga kura ya bahati nani apate miwili nani minne, nilicheka sana.