Galaxy A16 kwa aliyezoea Tecno: uzoefu wangu

Kilichonisumbua kwanza baada ya kutoka Tecno Spark ni trei ya laini. Spark yangu ilibeba laini mbili na memori kadi, kila moja na nafasi yake. Samsung Galaxy A16 ina nafasi mbili tu: ukitia kadi, laini ya pili inatoka. Ukiwa na Safaricom ya M-Pesa na Airtel ya bando, amua ukiwa bado dukani. Tundu la spika za masikio pia halipo.

Boksi lina waya, kichwa cha chaja ununue. Kile cha Tecno kinachaji, lakini polepole. A16 hufika wati 25 ikipata chaja yenye PPS (mfumo wa chaja kurekebisha volti kidogo kidogo kulingana na simu) na waya wa Type-C pande zote mbili. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Bila PPS, hata iandikwe wati 65, haifiki kasi hiyo.

Kuhama ni kazi nyepesi. Smart Switch, programu ya Samsung ya kuhamishia data, huvuta namba, picha na meseji. WhatsApp ihamishe kivyake: simu ya zamani, Mipangilio, Soga, Hamisha soga, kisha uskani msimbo wa QR unaotokea kwenye simu mpya. Wi-Fi iwe imewashwa kwenye simu zote mbili. M-Pesa hufuata laini, PIN ni ileile.

Wanaobishana Tecno na Infinix kwenye matatu hunichekesha. Zote mbili, pamoja na Itel, ni za Transsion ya Shenzhen, na zikiharibika hukutana kaunta moja, Carlcare. Mimi nilivutwa na masasisho: Samsung imeahidi A16 matoleo 6 ya Android na miaka 6 ya usalama. Anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili ahadi hiyo haimhusu; abaki alipo.

Kioo kikipasuka, ukaenda kwa mafundi wa Luthuli, Nairobi, jua kwamba cha A16 ni AMOLED (kila nukta hujiwasha na kujizima yenyewe), na kopi nyingi ni LCD (taa huwaka nyuma ya kioo chote). Mwombe fundi akiunganishe kabla hajapaka gundi. Fungua picha nyeusi tupu, ukinge mwanga kwa kiganja. AMOLED huzima kabisa; kopi hubaki na ukungu wa kijivu kwenye kingo. Kopi hizo pia ni nene, kwa hiyo kona hazilali vizuri kwenye fremu, na vumbi huanzia hapo kuingia.