Kisanduku cha matone cha kupimia maji ya bwawa: uzoefu wangu na maji ya Ziwa Tanganyika

Nasimamia nyumba ya wageni hapa Kigoma, upande wa Kibirizi, na bwawa letu la kuogelea tunalijaza maji ya ziwa. Urefu mita 10, upana mita 4, kina cha wastani mita moja na nusu, kwa hiyo ni lita 60,000. Mvua zikianza tunalifunga, maana wageni wa hifadhi za Gombe na Mahale huwa wachache. Juni kiangazi kikishika tunalifungua, na kila Juni nilikuwa nakuta maji ya kijani na ukoga unaoteleza kwenye vigae.

Mwaka jana nilipambana nayo kwa klorini ya unga peke yake. Kilo 8 ziliishia humo ndani ya wiki mbili. Kijani kilipungua kweli, lakini maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele, na gamba likaganda kwenye vigae pale maji yanapoishia, gamba lile lile linalokaa ndani ya birika la mtu anayechemsha maji ya ziwa kila siku. Watoto wa mgeni mmoja walitoka macho mekundu. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimefuata maelezo ya kopo la klorini neno kwa neno.

Mwaka huu nikaagiza Dar es Salaam kisanduku cha kupimia kwa matone. Kilikuja na basi, shilingi 145,000 pamoja na gharama ya mzigo. Ndani kuna mirija miwili, kadi ya rangi, na chupa za kupimia klorini, pH (maji yameelemea asidi au magadi), alkali (magadi yaliyoyeyuka yanayoishikilia pH isishuke), ugumu wa maji na kiimarishi cha klorini, dawa inayozuia jua lisiimalize klorini. Karatasi nilizokuwa natumia zamani zilipima klorini na pH basi.

Kipimo kilichonifungua macho ni cha alkali. Unachota mililita 25, unatia matone mawili ya chupa ya kwanza, matone matano ya pili, maji yanakuwa ya kijani. Halafu unadondosha chupa ya tatu tone moja moja huku unatikisa na kuhesabu, mpaka kijani kigeuke chekundu. Kila tone ni miligramu 10 kwa lita. Maelezo yanasema bwawa likae kati ya 80 na 120. Mimi nilihesabu kumi, kumi na tano, ishirini, bado kijani. Kijana anayenisaidia alikuwa amesimama pembeni akasema, "Kaka, labda dawa imeharibika." Lilipoanguka tone la 31 ndipo maji yakawa mekundu. Yaani 310. Nikarudia, jibu likawa lile lile.

Ukiifikiria, ndivyo ziwa lilivyo. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9 kwa asili. Mto Ruzizi unashusha chumvi nyingi kutoka Ziwa Kivu, na pa kutokea ni Mto Lukuga tu kuelekea Kongo. Maji mengi yanaondoka kwa kukauka juani na chumvi zinabaki. Sasa klorini kwenye pH ya 7.5 karibu nusu yake ndiyo inayoua vijidudu kwa nguvu. Kwenye 9 ni kama asilimia 3. Kilo zangu 8 zilikuwa zimelala tu majini, na kalsiamu iliyo kwenye klorini ya unga ikazidisha ule weupe.

Kwa hiyo nilianza na alkali, klorini nikaiacha. Kwa bwawa letu, asidi ya haidrokloriki ile kali ya dukani inashusha 10 kwa kila lita moja na robo hivi. Kila jioni nilichanganya lita 3 kwenye ndoo kubwa yenye maji tayari, glavu na miwani nimevaa, nikamwaga taratibu pampu ikiwa inazunguka. Tundu la maji yanayorudi bwawani nililielekeza juu yawe yanaruka, hewa ya ukaa itoke na pH isizame kupita kiasi. Siku nane, lita 24. Asubuhi ya mwisho nilihesabu matone 11.

Hapo ndipo nikatia kilo 2 tu za klorini, usiku, baada ya kuyeyusha kwenye ndoo. Kijana alitaka kuchotea kopo lile lile tulilochotea vidonge vya klorini vya mwaka juzi. Nilimshika mkono. Unga ule na vidonge vile vikikutana vinaweza kuwaka moto au kulipuka, na hilo kila anayeshika bwawa anapaswa kulijua kabla hajafungua kopo. Siku ya tatu niliona misumari ya taa ya chini kwenye kina kirefu. Sijawahi kuiona mwezi Juni.

Kasoro zipo. Kadi ya pH inaishia 8.2, kwa hiyo maji ya ziwa yanakupa rangi ya mwisho na hujui kama ni 8.2 au 9. Karatasi ya maelezo haisemi hilo. Haisemi pia kwamba klorini ikizidi sana, ile rangi ya waridi ya kipimo chake inatokea kidogo na kupotea, ukadhani hamna klorini kabisa. Ilinitokea asubuhi baada ya zile kilo 2, na nusura niongeze nyingine. Nilipochanganya sampuli nusu kwa nusu na maji ya chupa, mrija ukawa waridi iliyokolea. Kipimo cha kiimarishi, kile cha kuangalia doti jeusi likipotea kwenye maji yaliyochafuka, mimi nilisoma 30 na kijana akasoma 50 kwenye mrija mmoja. Sasa tunakipimia nje saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni, na tunakaribiana.

Kwa bei yake nakinunua tena. Ila ukiagiza ukiwa huku Kigoma, omba chupa mbili za ziada za kuhesabia alkali. Matone 31 kwa kipimo kimoja yanaimaliza haraka, na hata sasa kila tukiongeza maji ya ziwa kufidia yaliyokauka, alkali inapanda tena. Jumamosi iliyopita nilihesabu 14, nikatia lita 2 za asidi jioni ile ile.