Spitfire ya 1/72 au ya 1/48?

Kwa anayeunda ndege za plastiki Lamu, nafasi ndiyo huamua kwanza. Mabawa ya Spitfire halisi, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, yalikuwa mita 11.23 ncha hadi ncha. Kwa skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, hiyo ni sentimita 15.6, na modeli inaingia kwenye kidaka cha ukutani bila taabu. Ya 1/48 hufika 23.4, itafutie rafu, tena juu, watoto wasiifikie.

Ikija kazi ya kusahihisha mifereji iliyo mipana mno, mimi naipa 1/48. Mfereji wa kiungo cha bati, ule mstari wa mahali mabati ya ndege yanapokutana, wenye upana wa milimita 0.2 tu, kwenye 1/72 ni sawa na ufa wa milimita 14 kwenye ndege ya kweli. Nani angeirusha hiyo? Kwenye 1/48 haufiki 10. Dawa ni moja: jaza puti, iache ikauke kabisa, piga msasa wa maji taratibu, kisha chora upya kwa sindano ukifuata ukingo wa utepe mgumu. Ila kwenye 1/72 kidole chenyewe kinakuziba usione unachokwangua.

Rangi za maji huchelewa kukauka kwenye unyevu wetu, skeli yoyote ile. Kwa bei, 1/72 kwa kawaida ni nafuu.