Semina ya Ushawishi Kazini, Njiro: Asubuhi Ilistahili Ada, Alasiri Haikustahili

Kila masika, safari zinapopungua na magari mengi ya utalii yakiwa gereji, ofisi za Arusha hupata nafasi ya kupeleka wafanyakazi kwenye mafunzo ambayo katika msimu wa Julai hadi Oktoba hakuna mwenye muda nayo. Ofisi yetu ilichagua semina ya siku moja kuhusu siasa za ofisini na namna ya kuwashawishi wenzako kazini, iliyofanyika katika ukumbi mdogo huko Njiro kwa ada ya shilingi 120,000 kwa mshiriki, ikiwa ni pamoja na chai ya saa nne, chakula cha mchana na cheti. Natoa tathmini hii kwa ajili ya wanaofikiria kulipia mafunzo ya aina hii, bila kuwataja walioyaandaa.

Zoezi la kwanza ndilo lililobeba siku nzima. Mwezeshaji alitutaka kila mmoja achore muundo wa ofisi yake mara mbili: kwanza kama ulivyobandikwa ukutani, kisha kwa kufuata njia ambayo uamuzi hupita hasa mpaka ukatekelezwa. Karibu kila mchoro wa pili uliotoka kwenye kampuni za utalii ulimweka katikati mtu ambaye katika mchoro wa kwanza alikuwa chini kabisa, yaani mpangaji wa magari. Huyu ndiye anayejua, mara nyingine hata kabla ya meneja, ni kundi lipi linakwenda Serengeti kaskazini kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara na ni lipi litalala usiku mmoja tu Tarangire kisha lirudi mjini. Kwa dereva-mwongozo anayetegemea bakshishi kulipa ada za shule, neno la mpangaji huyo lina uzito kuliko waraka wa mkurugenzi, na ndiyo maana michango ya harusi ya mwanawe hukamilika mapema wakati ya wengine inakumbushwa kila siku kwenye kundi la WhatsApp.

Baada ya uchambuzi mzuri namna hiyo, nilitarajia nadharia ingefuata ielekee hukohuko. Badala yake ilionyeshwa slaidi yenye vyanzo vitano vya nguvu ya mtu kazini: kutoa zawadi, kuadhibu, cheo, utaalamu, na kupendwa au kuheshimiwa. Haikuelezwa kwamba orodha hiyo ni ya John French na Bertram Raven, wanasaikolojia wa Marekani walioitoa mwaka 1959, wala kwamba Raven mwenyewe aliongeza chanzo cha sita, yaani taarifa, mwaka 1965. Kosa la kutotaja wenyewe ningelisamehe, lakini kuacha hicho cha sita kulituharibia somo, kwa sababu mpangaji wa magari hana cheo kikubwa wala hasaini barua ya onyo; anachomiliki ni habari anazozipata kabla ya wengine. Hivyo michoro yetu ilibaki mezani bila maelezo, na mwezeshaji akaendelea na slaidi zake.

Igizo la masurufu lilirudisha uhai ukumbini. Mshiriki mmoja alikuwa mhasibu, na wengine walimfuata kwa zamu wakiomba fedha za safari inayoondoka alfajiri. Wa kwanza alitaja jina la mkurugenzi, wa pili akalalamika kwamba wageni watachelewa, na wote wakaambiwa wasubiri. Aliyefanikiwa alimuuliza mhasibu ni risiti zipi za safari iliyopita ambazo bado zinamsumbua, akaahidi kuzileta kabla ya kuondoka, na fomu ikasainiwa palepale. Sijaona namna bora zaidi ya kumfundisha mtu kwamba mwenzako anayekukatalia huwa ana hofu yake, na hofu hiyo hupaswa kuulizwa kabla ya kuomba.

Alasiri ilipotea. Tulifundishwa kumsifu bosi mbele ya wageni, kukaa karibu naye kwenye vikao na kuwa wa kwanza kujibu ujumbe wake. Kwa Kiswahili cha kawaida, tulifundishwa kujipendekeza, jambo ambalo ofisi nyingi zina wataalamu wake tayari bila kulipia ada. Kibaya zaidi, mshiriki alipouliza afanye nini mtu ambaye majungu yamefika mpaka akaachishwa kazi, jibu lilikuwa kwamba angejenga uhusiano mwema mapema. Hapo mwezeshaji alipaswa kujua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu aachishwe. Muda huo ni mfupi, na anayeupoteza akingoja bosi apoe hulazimika kwanza kuomba kibali cha kuchelewa.

Chakula kilikuwa kizuri, mtori hasa, na ukumbi ulikuwa na hewa ya kutosha. Kwa meneja anayetaka kuwapeleka watu wake, ushauri wangu ni aombe ratiba kwa maandishi kabla ya kulipa, na akiona alasiri imepangwa kama yetu, ajadiliane apate nusu siku kwa nusu ada, kisha awatume mpangaji wa magari na mhasibu pamoja.