Ngezi au Ngorongoro?

Kwa mtu wa Wete au Konde, Ngezi, msitu wetu wa hifadhi hapa Pemba, ni safari ya asubuhi. Ngorongoro ni boti, basi hadi Arusha, kisha gari la kukodi. Gharama hazifanani hata kidogo.

Lakini kuna kitu Ngezi haiwezi kukupa: kuteremka mita 600 ndani ya volkano iliyozimika, ambayo kilele chake kiliporomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita kikaacha bakuli la kilomita za mraba 260 hivi. Chini yake kuna nyumbu, simba, viboko, hata kifaru mweusi. Twiga humwoni, kwani kuta ni kali mno kwake. Kuta hizo ni ngao, lakini pia ni kifungo. Mwaka 1962 nzi wang'ataji walishambulia simba wa humo, wakabaki kama kumi tu, na damu ya kizazi chao ikawa ya karibu karibu mno.

Nikikumbuka hilo, namfikiria popo wetu wa Ngezi. Kwake ukuta ni bahari. Haishi kwingine popote duniani isipokuwa Pemba. Mwaka 1989 walihesabika wachache tu, wameliwa na watu, miti nayo imekatwa. Wanakijiji, wa Kidike miongoni mwao, walipoamua kuwalinda, wakarudi kwa maelfu.

Mwenye fedha aende Ngorongoro, lakini aanze Ngezi. Mtoto wa Kipemba kumjua kifaru kabla ya popo wake, mimi naona si sawa.