Mratibu wa mpango wa mtoto mwenye mahitaji maalumu: nyota nne, ya tano nimeizuia makusudi

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu mnaojiuliza kama mchukue mratibu wa nje au muendelee kupambana wenyewe na shule. Sisi tulichukua. Kijana wetu ana usonji na usemi wake umechelewa, na huduma yenyewe siitaji jina maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika, sitaki kesi na mtu.

Kwanza tuelewane wanachofanya, manake wengi wanadhani ni watu wa tiba. Sio. Mratibu hamfundishi mtoto wala hamtibu, kazi yake ni kuhakikisha mwalimu, mtaalamu wa matamshi, mtaalamu wa tiba kazi (yule anayemzoesha mtoto shughuli za kila siku kama kuvaa au kushika kalamu), daktari na nyie wa nyumbani mnafuata mpango mmoja. Ukisikia hivo unaona kama kazi ya karani tu, mi pia nilitaka kuona kwanza kabla ya kuamini.

Sasa hali ilivyokuwa kabla. Mtaalamu wa matamshi anataka dogo atumie kadi za picha kuomba vitu, shuleni mwalimu anazifungia kadi kabatini eti azoee kuongea, nyumbani bibi yake anamletea kila kitu hata hajaomba, yaani kila mtu anampenda na kila mtu anamvuta upande wake. Alafu mtoto akipiga kelele wote tunashangaa. Kadi za picha hazimzuii mtoto kuongea, wataalamu wa usemi wamelirudia hilo mara kibao, na wapo watoto wengi ambao kadi ndo zimewasaidia kufika kwenye maneno. Ila yule mwalimu hakuna aliyemwambia, angejuaje? Ripoti ya matamshi ilikuwa kwenye faili letu nyumbani, yeye hakuwahi kuiona.

Mratibu alianzia hapo hapo. Alikusanya ripoti zote, akaomba kukaa darasani aangalie tu, hakuuliza maswali, alafu ndo akaita kikao. Kwenye kikao hakumsema mwalimu vibaya, alimuuliza mtaalamu wa matamshi aeleze kadi zinafanyaje kazi, mwalimu akaelewa mwenyewe, kadi zikatoka kabatini. Asee kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kumpa nyota zote.

Kitu cha pili ambacho ni kikubwa kuliko watu wanavyofikiri ni jinsi malengo yanavyoandikwa. Mpango wa zamani wa shule ulikuwa na lengo linasema "ataboresha mawasiliano". Sawa, ataboresha, sasa mwisho wa muhula utajuaje kama ameboresha? Kila mtu atasema anavyoona. Huyu mratibu alilifuta akaandika kwamba akitaka maji au kwenda msalani ataomba mwenyewe, kwa kadi au kwa neno, bila kukumbushwa, mara nne kati ya nafasi tano, kwa wiki mbili mfululizo. Pembeni kuna nani anafanya, lini, na nani anaandika matokeo. Na hapo kwenye kuandika ndo nilimkubali, kwa sababu mwalimu ana darasa zima, hawezi kushika kalamu siku nzima kuhesabu mtoto mmoja, kwahiyo walikubaliana kipindi kimoja tu maalumu ambacho msaidizi anaweka alama kwenye karatasi, basi. Mpango ambao mwalimu hawezi kuutekeleza ni karatasi tu, hata ukiandikwa na profesa.

Kuna jambo lingine alituelewesha ambalo natamani kila mzazi alijue kabla ya kusaini chochote. Kumwondolea mtoto kikwazo na kumpunguzia masomo ni vitu viwili tofauti. Akiongezewa muda wa mtihani, akikaa mbali na mlango wenye kelele, akivaa vile vya kuziba masikio, akisomewa swali kwa sauti, bado anasoma somo lile lile na wenzake. Lakini akipewa kazi nyepesi kuliko darasa lake, hapo somo lenyewe limebadilika, na likiendelea miaka bila nyie kujua, mtoto anafika kwenye mitihani mikubwa akiwa na mapengo ambayo hakuna aliyewaambia. Sisemi ni vibaya, wapo watoto wanaohitaji hivo kabisa, nasema muulizwe na mkubali mkiwa mnajua. Kwenye mpango wetu sasa kila msaada umeandikwa uko upande gani.

Kwa wanaodhani hizi ni anasa za wenye nazo, Marekani jambo hili lipo kwenye sheria tangu 1975, mtoto anayestahili anaandikiwa mpango wake binafsi, mzazi ni mjumbe kamili wa kikao, na mpango unapitiwa angalau mara moja kwa mwaka. England kila shule ya kawaida ya serikali lazima iwe na mwalimu aliyepewa kazi ya kuratibu watoto wa namna hii. Yaani kule mratibu ni sehemu ya shule, sio mtu wa kumtafuta mwenyewe. Shule yenu ikiwa na mtu wa hivo na anafanya kazi kweli, msihangaike na huduma ya nje, mtamlipa mtu afanye ambacho tayari mnacho.

Haya, sasa nyota niliyoizuia.

Kwanza lugha ya ripoti. Ya kwanza tuliyotumiwa ilikuwa pdf ndefu imejaa maneno ya kitaalamu, mama yake akaisoma akalia, akidhani mtoto amezidiwa, kumbe walikuwa wanasema anasumbuliwa na sauti kali na mguso. Tulilalamika wakaanza kuweka ukurasa mmoja wa lugha ya kawaida mbele, uzuri ni kwamba huo ukurasa ndo hata mwalimu wa michezo anausoma. Ungekuwepo tangu mwanzo.

Pili, mtoto mwenyewe hakuulizwa kitu. Vikao vyote watu wazima tunaongea juu ya mtu ambaye yuko chumba cha pili. Najua haongei sana ila ana kadi, ana vidole, anajua anachopenda na anachochukia shuleni kuliko sisi wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 unasema kabisa watoto wenye ulemavu wana haki ya kutoa maoni yao na kupewa msaada wa kuyatoa, sasa watu ambao kazi yao ni hii walitakiwa kulijua bila kukumbushwa na baba mtu. Tulivyowabana wakampa picha za sehemu za shule achague za furaha na za karaha, na picha ya ukumbi wa kulia chakula akaitupa chini. Hamna ripoti hata moja iliyokuwa imetaja ukumbi ule! Siku hizi anakula mapema kidogo kabla ya kelele kuanza na mchana wake umetulia.

Tatu, na hii ndo imeniuma, mratibu wetu aliondoka katikati ya mwaka na aliyemrithi alikuja akiuliza maswali yale yale ya siku ya kwanza. Tunawalipa ili tusirudie hadithi ya mtoto kwa kila mtu mpya, alafu wao wenyewe wanaturudisha mwanzo. Faili lipo, lisomwe kwanza ndo utupigie.

Ukitaka kuwajaribu, wao au wengine, omba wakuoneshe mpango mmoja waliowahi kuandika, majina wayafute, angalia kama unaweza kujua nani anafanya nini jumatatu asubuhi. Uliza pia mpango unahamaje mtoto akipanda darasa, maana mwalimu mpya mara nyingi anakuta kijana tu, karatasi zimebaki kwa ticha wa zamani. Huyu mratibu wetu mpya ameahidi kikao cha makabidhiano kabla shule hazijafungwa, walimu wote wawili wawepo. Kikifanyika narudi hapa kuiongeza ile ya tano, kisipofanyika napunguza nyingine.